Herufi Peku

"Mume wangu hatoki nje peku," Mama Pena alisema, akaisukuma karatasi kwa ncha ya kidole kama mtu anayesukuma sahani aliyoona nywele ndani yake. "Tangu nimjue hakutoka nje peku, hata kwenda kutupa taka. Leo amekufa ndiyo umvue viatu?"

Karatasi yenyewe ilikuwa tanzia. Mwaka mmoja wa kifo cha mzee Stamen ulikuwa unakaribia, na katika mji wetu wa Studenovo mtu hatangazwi kufa mara moja tu. Akifa, karatasi yake yenye fremu nyeusi hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo ya umeme na kituoni. Arobaini ikifika inabandikwa nyingine, nusu mwaka nyingine, mwaka nyingine, mpaka waliokuwa wakibandika nao wabandikwe. Raina, mkamwana wa Mama Pena, alikuwa ameiandika hiyo ya mwaka kwa herufi alizozichora mwenyewe, za fonti aliyoiita Tuhla, yaani tofali. Ni duara na mstari, basi. Hazina vile vijiguu ambavyo herufi za vitabu husimamia.

"Mama, ni herufi tu," Raina alisema.

"Na viatu ni viatu tu? Mwambie Stamen hivyo, aliyemaliza uhai wake kwenye kiwanda cha viatu akigongea watu soli."

Ognyan, mtoto wake na mume wa Raina, alikuwa mezani na sare yake ya udereva wa basi la umeme, anachovya mkate kwenye maharage. "Mama, baba angekuwa hai angecheka."

"Angekuwa hai tusingekuwa na haja ya tanzia, mjinga wewe. Kula."

Raina aliikunja karatasi. Jikoni mle ndimo alimofanyia kazi: kompyuta yake ilikuwa kati ya birika na mtungi wa kachumbari, na friji ilikuwa imefunikwa herufi kuanzia mpini mpaka chini, nyembamba, za kati na nene. Mama Pena akitaka maziwa ilibidi afungue herufi nzima ya Ж, ile pana kuliko zote katika alfabeti yetu. Alifungua kwa kishindo, kila mara, ili ijulikane.

Lakini siku hizo si tanzia iliyokuwa ikimkosesha Raina raha. Mji ulikuwa unabadilisha vibao vya vituo vyote vya basi, na Tuhla ilikuwa imefika mwisho wa mashindano pamoja na fonti nyingine moja tu. Wakati huohuo kampuni ya Munich ilikuwa imempigia simu: njoo utuchoree herufi za makopo ya mtindi. Aliwaambia wasubiri. Mji ukiichukua Tuhla, anabaki. Ukiikataa, anakwenda, na Ognyan anabaki na basi lake na mama yake, na ndoa yao inahamia kwenye simu.

Ndoa za simu tunazijua. Ngazi yetu ya ghorofa ina milango mingi na watu wachache. Nyuma ya kila mlango kuna mzee mmoja na picha za wajukuu wasiojua kuomba maji kwa lugha yake. Watoto wao hawakufukuzwa kwa bunduki. Walifukuzwa kwa ofisi, na kwa neno moja linalosemwa kwa upole: tutakuarifu.

*

Kamati ya Mwonekano wa Mji ilimwita siku ya Jumanne. Mwenyekiti wake, Mhandisi Tonchev, alikuwa na ofisi yenye viti viwili vya wageni. Kimoja alikikalia Bwana Lyutov, mshindani wa Raina, kwa namna ya mtu aliyekizoea. Cha pili kilikuwa na koti la Bwana Lyutov.

Raina alisimama na roli lake la karatasi mkononi. Hakuna aliyeliondoa koti.

"Karibu, binti," Tonchev alisema. "Tulikuwa tunazungumza habari zako. Kazi nzuri sana. Ya kisanii. Tatizo ni moja: wazee. Mji huu ni wa wastaafu. Herufi zako hizi, ndani na nje mviringo mviringo, wazee hawataziweza."

"Na za Bwana Lyutov? Nazo hazina miguu."

"Zangu zimezoeleka duniani, dada," Lyutov alisema kwa tabasamu. "Zinatumika kwenye viwanja vya ndege."

"Kwenye uwanja wa ndege watu wanaondoka," Raina alisema. "Hapa tunataka wafike nyumbani."

Tonchev alikohoa. Fonti ya Lyutov ilikuwa ya kukodi kutoka nje, ya kulipiwa kila mwaka, na wakala wa kuikodisha alikuwa Lyutov mwenyewe. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtu katika chumba kile, pamoja na mmea wa dirishani.

Na hii kamati msidhani ilianza jana. Ndiyo iliyobomoa bafu la umma pakawa maegesho ya magari. Ndiyo iliyoing'oa saa ya stesheni kwa ajili ya matengenezo, na mpaka leo tunawauliza saa wapita njia. Wao wanategemea tusahau. Sisi kazi yetu ni kutosahau.

"Ili pasiwe na manung'uniko," Tonchev aliendelea, "tutafanya jaribio. Kila mmoja anapewa kituo kimoja. Mnabandika jina la kituo kwenye karatasi nyeupe, mstari mweusi kuzunguka pembeni ili zilingane, bila pambo, bila rangi. Zikae wiki. Kisha tunakutana hadharani, tunaamua. Bwana Lyutov, wewe chukua Daktari Haralampi Kostov, mbele ya zahanati. Binti, wewe chukua kituo cha mtaani kwenu kule Kiwanda cha Matofali. Kinaitwaje?"

"Mwalimu Asparuh Denev. Ila kibao kilifutika zamani, watu husema kwa Matofali tu."

"Haya. Kule wazee wamejaa. Kama hawasomi, tutajua mapema, usipoteze muda wako. Nasikia Munich wanakungoja."

Aliyasikia wapi? Raina hakuuliza. Alipotoka, Lyutov alimwita nyuma yake: "Dada, samahani, nivutie mlango."

Aliuvuta. Nyumbani alimwambia Ognyan kwamba katika yote, mlango ndio uliomuuma zaidi.

*

Watu hudhani herufi za namna hii mtu anachukua bikari na rula, anachora, anakwenda kulala. Jaribu. Chora O kwa bikari, iweke kando ya H, utaona O imenywea kama mpira uliotoka upepo. Jicho lina uongo wake. Duara lazima lizidi kidogo juu na chini ndipo lionekane limelingana na mstari. Mstari wa kulala lazima ukonde kuliko wa kusimama, la sivyo unaonekana umevimba. Pale mkono wa herufi unapokutana na mgongo wake, wino unajaa kama uchafu kwenye kona, basi hapo napo unapunguza. Ukimaliza yote hayo, mtu anatazama anasema: kumbe rahisi, duara na mstari.

Zile za Lyutov zilikuwa zimechongwa na watu wa mbali wasiojua tunavyoandika. Herufi zao ndogo zote zilikuwa kimo kimoja, zimejipanga kama uzio. Raina alikuwa ameingiza ndani ya Tuhla mwandiko wetu wa shule. Baadhi ya herufi zinanyoosha mkono juu, baadhi zinashusha mkia chini, ili jina liwe na umbo lake hata kabla hujalisoma, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake kabla hujauona uso.

Jumapili mchana waliliteremsha jina uani. Raina alisimama mbele ya ukuta wa gereji akiwa ameinua karatasi juu ya kichwa, na Ognyan akarudi nyuma mpaka kwenye kamba za nguo.

"Soma!"

"Naona mwalimu. Kisha naona duara mbili zinagombana."

"Wapi?"

"Mwishoni. Kwenye Denev. Zimekabana makoo."

Raina alipanda juu, akazisogeza mbali kwa kiasi cha unywele, akachapa, akashuka tena.

"Sasa?"

"Sasa zimenuniana. Mke na mume hawajazungumza wiki nzima."

"Ognyan!"

"Nasema ninachokiona. Mimi ndiye nitakayekuwa nyuma ya usukani."

Kutoka barazani ghorofa ya tatu Mama Pena alipiga kelele: "Mnafanya nini hapo chini na makaratasi, majirani wanatazama! Mkamwana, umeanika nini, mbona huaniki nguo?"

"Ananing'inia yeye mwenyewe, Mama!" Ognyan alijibu. "Nusu yake iko Munich!"

Alisema kama mzaha. Raina aliishusha karatasi, akamtazama usoni. Kisha akapanda tena ngazi, akasogeza tena, akashuka tena. Safari hii Ognyan hakungoja aulizwe.

"Denev," alisema. "Mwalimu Asparuh Denev. Liache hivyohivyo. Usiliguse."

Jioni ileile, jua likiwa bado kwenye madirisha, walikwenda na gundi ya unga wakaibandika karatasi kwenye nguzo ya kituo. Karatasi nyeupe, mstari mweusi pembeni, jina la mtu katikati. Walirudi nyuma, wakaitazama, wakaona herufi zimekaa vizuri.

Watu wazima wawili, wazaliwa wa mji huu, waliozungukwa na tanzia tangu kuzaliwa, walibandika jina la mtu ndani ya fremu nyeusi kwenye nguzo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona walichokifanya. Mtu akitazama herufi muda mrefu hivyo, huacha kuona jina.

*

Asubuhi Mama Pena alitoka barazani kumwagilia maua yake. Alitazama ng'ambo ya barabara, akaweka chini kopo la maji, akajipiga ishara ya msalaba.

"Maskini ya Mungu," alisema. "Mwalimu Denev."

Raina alikuwa amekwenda mjini, Ognyan yuko kazini. Mama Pena alivaa kitambaa cheusi akagonga mlango wa jirani, Bi Gena.

"Shoga, Mwalimu Asparuh Denev ametutoka."

"Asparuh?" Bi Gena alishika kifua. "Lini?"

"Imebandikwa leo."

"Alinifundisha hesabu," Bi Gena alisema, akaanza kulia. "Alinipiga rula hapa, kwenye vidole. Mtu mwema."

"Hesabu? Mimi nilidhani alikuwa wa muziki."

"Wa hesabu. Muziki alikuwa nduguye."

Habari ilishuka ngazi haraka kuliko wao. Walipofika chini, mzee Dancho, aliyekuwa zamani mchoma matofali, alikuwa amekwishavua kofia. Alisema alicheza naye karata. Mwingine alisema marehemu alikuwa ameoa mwanamke wa Varna na mwanamke huyo ndiye aliyemmaliza. Walivuka barabara na maua mekundu, wakayahesabu kwanza yawe shufwa, kama ya marehemu yanavyotakiwa kuwa. Mama Pena aliwasha mshumaa chini ya nguzo. Bi Gena alirudi nyumbani akachemsha ngano, akatia sukari na jozi, akaja na bakuli na vijiko, na waliokuwa wakingoja basi wakala kwa roho ya Mwalimu Denev.

Basi la kwanza lilipita, abiria wakatazama dirishani, wawili wakashuka kituo kilichofuata wakarudi kwa miguu. La pili lilikuwa la Ognyan. Aliona umati, akapunguza mwendo, nyuma yake bibi mmoja akapaza sauti, "Dereva, simama, tumsalimu marehemu!" Alifungua milango, akamwona mama yake katika kitambaa cheusi, ameshika kijiko, na hapo hapo akaelewa kila kitu. Alishika simu akampigia mkewe, na ilimchukua muda kusema neno kwa sababu ya kicheko.

Raina alikuja mbio, koti limefungwa vifungo upande upande. Alikuta maua yamefika magotini.

"Mama," alisema taratibu, "Mama, huyo ni kituo."

"Nani ni kituo?"

"Mwalimu Denev. Ni jina la kituo. Ndiyo karatasi yangu ya jaribio. Mwalimu mwenyewe alikufa kabla wewe hujazaliwa."

Mzee Dancho alirudisha kofia kichwani. Bi Gena alivitazama vidole vyake, vile vilivyopigwa rula.

Kisha kikaanza kicheko nyuma, kwa vijana waliokuwa wakingoja basi, na mmoja akapiga picha. Mama Pena alisikia, akawa mwekundu mpaka shingoni. Yeye aliyezika mume kwa heshima, asiyesahau arobaini ya mtu yeyote, alikuwa amesimama mchana kweupe akimlilia mtu wa kwenye kibao.

"Umenifanya nilie kwa ajili ya kituo cha basi," alimwambia Raina, na sauti yake haikupanda, ndiyo maana ilitisha. "Mbele ya watu. Nenda Munich, mwanangu. Nenda kawaandikie Wajerumani mtindi wao."

Akageuka kuvuka barabara. Raina alibaki ameinama, anaokota vijiko, kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu. Akainua kichwa ghafla.

"Mama! Uliisomea wapi?"

"Nini?"

"Karatasi. Ulikuwa wapi ulipoisoma?"

"Barazani, ningekuwa wapi?"

"Na miwani?"

Mama Pena alisimama katikati ya barabara. Gari lilipiga honi, hakulisikia. Aliupeleka mkono usoni polepole, akagusa pua, akagusa pembeni mwa macho.

"Miwani iko kwenye droo," alisema.

Alitazama juu, barazani kwake, ghorofa ya tatu. Akatazama nguzo. Akatazama tena juu.

"Dancho," alisema, "wewe ulisomea wapi?"

"Kitandani kwangu, kupitia dirishani."

"Na jicho lako lile bovu?"

"Lile lile," mzee Dancho alisema, naye sasa akaanza kushangaa. "Kwa hili zima sikujaribu. Lilikuwa limelalia mto."

*

Ukumbi wa manispaa ulijaa kuliko siku zote, kwa sababu picha ya maua ilikuwa imezunguka mji mzima. Lyutov alikuja nayo imekuzwa ukubwa wa mlango. Aliisimamisha mbele ya kamati, akawaachia watu wacheke kwanza.

"Mabibi na mabwana," alisema, "mimi ni mtu wa biashara, si mtu wa ushairi. Fonti ya kituo inatakiwa imwambie mtu asubiri basi. Hii inamwambia alete shada. Ni herufi za makaburini. Wageni wakija mjini kwetu watadhani tumepatwa na tauni."

Ukumbi ulicheka, naye akarudi kitini kwake mstari wa mbele. Raina alikuwa amesimama ukutani, kwa sababu kiti cha kando ya Lyutov kilikuwa tena na koti lake, na kila kicheko alikihisi kama mtu anavyohisi maji baridi yakiingia kiatuni. Ognyan alimwekea mkono begani. Siku ileile asubuhi Munich walikuwa wamepiga tena. Raina aliwaambia, jioni nitawajibu.

"Kamati imesikitika," Mhandisi Tonchev alisema kwa uso wa msibani. "Wazee wetu wamepatwa na mshtuko. Kuna mama alilia. Ningependekeza fonti ya binti huyu iondolewe mashindanoni, kwa heshima zote, na tusipoteze—"

"Mama aliyelia ni mimi."

Mama Pena alikuwa amesimama nyuma, na pamoja naye ngazi yetu yote, na ngazi za jirani, na wastaafu wa kiwanda waliokuja wamevaa kama wanakwenda kanisani. Hakuwa amezungumza na mkamwana wake tangu siku ile. Raina hakujua kama amekuja kumtetea au kummaliza.

"Bibi, utapewa nafasi mwishoni," Tonchev alisema.

"Mwishoni ninyi huwa mmekwishaondoka." Aliteremka katikati ya viti kwa mwendo wake mzito, akasimama mbele ya Lyutov. "Bwana, kituo chako wewe kinaitwaje?"

"Daktari Haralampi Kostov, bibi. Mbele ya zahanati."

"Karatasi yako nayo ina fremu nyeusi?"

"Kama kamati ilivyoamuru."

"Imekaa muda uleule?"

"Uleule."

"Na mbele yake wanapita wazee kushinda kwetu, maana wazee wote wa mji huu tunakwenda zahanati, ukitaka usitake."

"Bila shaka." Lyutov alitabasamu kwa kamati. "Na hakuna aliyelia."

"Ndiyo ninachokuuliza, mwanangu." Mama Pena aliugeukia ukumbi. "Daktari wa watu. Jina lake ndani ya fremu nyeusi, mlangoni pa zahanati, wiki nzima. Hakuna ua. Hakuna mshumaa. Hakuna hata mtu mmoja aliyejipiga ishara ya msalaba. Sasa, ama mji huu umekuwa wa makafiri tangu Jumapili, ama hakuna aliyeweza kusoma kwamba daktari amekufa!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga viti, walipiga magoti, mtu wa redio aliinua kinasa sauti juu ya kichwa kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Labda watu wa zahanati wana haraka!" Tonchev alipaza sauti juu ya kelele.

"Haraka?" Mzee Dancho aliruka. "Nilisubiri namba yangu pale mpaka nikapona mwenyewe! Asubuhi nzima natazamana na hiyo karatasi. Nilidhani ni ratiba ya kupima damu!"

"Wazee, tafadhali! Hapa si mahali pa mazishi!"

"Si mahali pa mazishi?" Mama Pena alimgeukia taratibu. "Bafu letu mlilizikia wapi? Saa ya stesheni mliizikia wapi? Hata tanzia hamkutuandikia. Mlisema wazee hawawezi kusoma herufi za mkamwana wangu. Mimi nilizisoma kutoka ghorofa ya tatu, barabara katikati, miwani kwenye droo. Nikalia, ndiyo. Nilimlilia mtu nisiyemjua. Mtu halilii asichokisoma."

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alikwenda mpaka kwenye kiti kilichokuwa kando ya Lyutov, akalitoa koti la Lyutov juu yake, akamtupia mwenyewe mapajani.

"Mkamwana," alisema, "njoo ukae."

Raina alikwenda akakaa.

Msije mkadhani kamati iliona haya. Kamati haina kiungo hicho. Ilichokiona ni kura, kwa maana uchaguzi ulikuwa vuli ileile na waliojaa ukumbini ndio wanaotoka kwenda kupiga kura hata kwenye theluji. Mjumbe mmoja aliinua mkono kwa ajili ya Tuhla, akitazama pembeni. Akafuata mwingine. Wa mwisho alikuwa Mhandisi Tonchev mwenyewe, aliyeinua mkono kwa haraka ya mtu anayekimbilia basi, na baadaye aliwaambia watu wa redio kwamba tangu mwanzo alikuwa na imani na vipaji vya nyumbani. Tumeliweka akilini na hilo pia.

Nje kwenye ngazi za manispaa Raina alipiga simu Munich. Alisema maneno machache kwa Kijerumani chake cha shule, akakata, na Ognyan akamnyanyua juu hapohapo, mbele ya wastaafu wote, mpaka Bi Gena akafunika macho kwa vidole vilivyo wazi.

*

Kibao cha kwanza kilisimamishwa mtaani kwetu. Ognyan alipita hapo na basi lake akapiga honi kutoka kona mpaka kona, jambo ambalo limekatazwa. Kisha vikafuata vingine, ukingoni mwa mto, sokoni, stesheni, na zahanati, ambako Daktari Kostov alipata hatimaye maua yake. Mtu, hatumtaji, aliyaweka usiku wa kuamkia siku ya kibao, na yalikuwa shufwa.

Asubuhi moja Mama Pena aliingia jikoni, akafungua friji bila kishindo, akatoa maziwa, akaifunga. Akaweka mezani picha ya mzee Stamen, ile ya kofia.

"Wiki ijayo ni mwaka wake. Andika."

"Nimekwishaandika, Mama." Raina aliharakisha kufungua kompyuta. "Nimetafuta zile za miguu. Nzuri sana, za kitabu cha kale. Tazama."

Mama Pena alitazama. Alivuta kiti akakaa.

"Nani amekuambia za miguu?"

"Wewe, Mama. Ulisema hatoki nje peku."

"Hatoki nje." Aliinyoosha picha kwa kiganja, ingawa haikuwa imekunjika. "Lakini Stamen alikuwa anavua viatu mlangoni, unakumbuka? Hata nikimwambia sakafu bado chafu, vaa, anavua, anaviweka sambamba. Nje viatu, nyumbani soksi. Nimefikiri sana. Huko aliko sasa si nje."

Raina aliifuta ile ya kitabu cha kale, akafungua Tuhla.

"Ila jina lake liandike kwa zile nene," Mama Pena alisema, akainuka, akaenda kuweka maji ya kahawa. "Alikuwa anavaa soksi nene."

Ognyan aliibandika kwenye nguzo ya kituo, chini ya Mwalimu Asparuh Denev, kwa herufi zilezile, kibao cha kudumu na karatasi ya mwaka. Basi lilipopunguza mwendo, wanaume waliokuwa ndani walivua kofia kabla halijasimama. Na ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu, Mama Pena aliegemea ukuta wa baraza na kikombe mkononi, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mstari wa chini kabisa, miwani ikiwa kwenye droo.